Sahani Thelathini na Moja

Njia ya kupanda Mururu ilikuwa imelainika kwa mvua, na mimi nilikuwa nimefungiwa madebe manne mgongoni. Hamdani, aliyenitangulia, alibeba manane. Kila alipoteleza yaligongana, na watoto waliokuwa wakichota maji bondeni wakainua vichwa na kupiga kelele, "Daku! Daku!"

"Ngojeni basi," akawajibu bila kugeuka. "Pilau inakuja."

Sikuwahi kufika huko. Asubuhi ile nilikuwa nimevuka daraja la Ruzizi kwa miguu kutoka Bukavu, nikitaraji kulala Kigali, nikaambiwa kwamba udongo umeifunika barabara ya msitu wa Nyungwe na hakuna ajuaye itafunguliwa lini. Ilikuwa Aprili 2001. Upande niliotoka kulikuwa na vita. Upande niliofika vita vilikuwa vimekwisha, yaani watu walikuwa wamerudi kulima. Mvua ilinikuta Kamembe nikajikinga kwenye kibaraza cha Hamdani, fundi wa mabati, akanipa chai ya tangawizi, kisha akaniambia ana mzigo wa kupeleka mlimani na mgongo mmoja haumtoshi.

"Mgeni asiye na gari si mgeni," alisema. "Ni mpagazi."

Aliyetusubiri juu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa buti za mpira na kitenge kilichochujuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kopo lililofungwa juu ya mti mfupi, akichovya kijiti chenye alama. Alikitazama kijiti, akakifuta kwa ncha ya kitenge.

"Kumi na tisa," alimwambia Hamdani. Kisha ndipo akanipa mkono. Jina lake Védastine.

Kopo lile la kupimia mvua lilikuwa kazi ya Hamdani. Alilikata kutoka debe la mafuta ya msaada, moja kati ya maelfu yaliyozagaa mpakani baada ya kambi za wakimbizi kufungwa, akalichora mstari mwekundu ndani. Maji yakifika kwenye mstari kabla ya kopo kumwagwa, kaya sita zinazokaa chini ya ufa lazima ziondoke. Ufa wenyewe nilionyeshwa kabla hata sijaketi. Ulipita juu ya mashamba ya maharagwe kama mshono uliofumuka, mahali pengine mkono unazama hadi kiwiko. Juu yake Védastine na watu wa kilima walikuwa wamechimba mitaro ya kukata mteremko, wakipima usawa kwa miti mitatu iliyofungwa pembetatu na jiwe likining'inia katikati, wakapanda matete kwenye kingo. Mitaro ilikuwa mizuri. Ilikuwa imechelewa mwaka mmoja.

Hamdani alirudi Kamembe, nami nikapewa mahali pa kulala kwa Gasaro, jirani aliyekaa juu kabisa karibu na shule. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mzaliwa wa Bukavu, aliyehamia kilima cha babu zake mwaka wa tisini na tano na watoto watatu na mdomo usiolala. Védastine alikaa nyumba ya pili. Kwa siku tatu nilimfuata kazini, kwa kuwa sikuwa na kazi yangu.

Alizaliwa pale Mururu. Akiwa msichana alivuka kila siku kwenda Bukavu na beseni la dagaa wa sambaza kichwani, na Kiswahili chake ni cha soko la samaki. Aliolewa. Nilipomuuliza mwaka wa tisini na nne alikuwa wapi, alisema, "Nilikuwa hapa," akaendelea kusugua kopo. Sikuuliza juu ya mume. Mwaka wa tisini na tisa shirika moja lenye ofisi Gihundwe lilimwajiri kufundisha watu kujiandaa na maporomoko, kwa sababu alijua kusoma, alijua lugha tatu na hakuogopa kutembea. Alitembea kweli. Alikuwa na vilima kumi na viwili, baadhi mbali huko sekta ya Butare, si mji wa Butare ulio ng'ambo ya msitu, na alikwenda kote kwa buti zilezile.

"Zamani mvua ilikuwa na adabu," Gasaro alisema jioni ya kwanza akimenya ndizi. "Ilijua miezi yake. Sasa inaingia bila hodi kama shemeji."

Ni yeye aliyenieleza habari ya firimbi, bila kuombwa, Védastine akiwa bado hajarudi kutoka mitaroni.

Mwaka uliotangulia hakukuwa na debe la kupiga kuonya watu. Shirika lilikuwa limegawa firimbi, moja kwa kila kaya, za plastiki, zenye kamba ya bluu. Maji yakifika kwenye mstari, Védastine apulize mara tatu, mwenye kusikia naye apulize, watu wote wapande shuleni. Siku moja ya Aprili, mchana, maji yalifika, akapuliza.

"Mimi Papa nilikomea Bukavu, nilikulia kule," alisema Gasaro. "Firimbi kwetu ni ya arbitre wa mpira. Nikasikia fiii, nikabeba batoto, nikapanda. Tulikuwa tunakaa kule chini wakati ule. Nafika shuleni: hakuna muntu! Ni sisi na famille ya Ndizeye, nao walitoka Uvira. Nikasema, hii kilima yote ni viziwi?"

"Kwa nini hawakutoka?"

Aliitazama ndizi mkononi. "Muulize Maman Védastine. Ama usimuulize."

Sikumuuliza. Kesho yake alinieleza mwenyewe, tukitembea juu ya mtaro, yeye mbele, akiongea na njia.

"Siku waliyotupa firimbi tulikuwa bantu arobaini ndani ya salle, ukumbi wa mkutano. Mwalimu akapuliza moja tusikie sauti. Mikono yangu ikawa baridi. Nikatazama wengine. Wanatabasamu, wanasema merci. Nikasema moyoni, basi ni mimi tu."

"Kumbe si wewe tu."

"Kila muntu alisema ni yeye tu."

Aliinama kurudisha shina la tete lililong'oka. Mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mauaji, kwenye vilima vile, firimbi ndiyo iliyowakusanya wawindaji na kuwaonyesha upande walikokimbilia wanaowindwa. Miaka sita baadaye, aliyewindwa alipoisikia aliingia ndani akafunga mlango. Aliyeitika mwito ule mwaka ule akaenda kuwinda naye aliingia ndani akafunga. Wengine walijitupa migombani bondeni, ambako udongo ulikuwa unakuja.

"Nilipuliza mara tatu kama tulivyofundishwa," alisema. "Nikaona milango inafungwa. Nikapuliza tena, kwa nguvu. Ndiyo ikazidi kufungwa."

Walikufa saba. Patricie, mke wa mtu anayeitwa Protais, alikuwa mmoja wao, pamoja na watoto wake wawili.

"Shirika likaandika rapport," aliendelea. "Imeandikwa kwamba wananchi walipuuza onyo. Wakaniletea nitie sahihi, juu mimi ndiye nilikuwa hapa."

"Ukatia."

"Nikatia."

"Ilikuwa Kifaransa?"

"Kifaransa ninakisoma," alisema.

Protais nilimwona siku hiyo hiyo. Alikuwa akifunga mabua ya maharagwe, mtu mrefu, koti la sufu lenye mifuko iliyolegea. Alikuwa amejenga tena palepale, hatua ishirini kutoka nyumba ya kwanza ilipokuwa, chumba kimoja cha udongo. Shamba lake ni hilo, hana lingine, na kilima kizima hakuna anayeweza kumpa hata upana wa mkeka. Védastine alimsalimu kwa mikono miwili. Wakaongea mambo ya mbegu. Tulipoondoka akasema, "Anajua alifunga mlango yeye. Hajui kwamba ipo karatasi inayosema walipuuza. Hakuna hapa anayejua."

"Utamwambia?"

"Kila juma nateremka ili nimwambie. Kisha naongea mbegu."

Habari ya debe ilikuwa wazo la Hamdani. Baba yake, na babu yake kabla yake, ndio waliozunguka mtaa wa Waislamu Kamembe kila Ramadhani wakipiga debe kuamsha watu kula daku, na sauti hiyo huvuka hadi vilima vya jirani. Wakulima wa Mururu, Wakristo karibu wote, waliijua tangu utotoni na waliicheka. Védastine alipokwenda kwake kutafuta kitu chenye sauti ambacho hakijawahi kutumika kwa ubaya, Hamdani alimwonyesha ngoma, kengele ya baiskeli, kipande cha reli. Mwishoni akamgongea debe.

"Hakuna aliyewahi kufa kwa daku," Hamdani alimwambia. "Labda kwa kuvimbiwa."

Februari walifanya jaribio la kwanza. Debe likapigwa, na kilima kikatoka nje kikicheka. Vijana walipanda shuleni na sahani mikononi. "Pilau iko wapi, Maman? Tumeitwa kula!" Mzee mmoja alileta na kijiko. Védastine hakucheka, na hakukasirika. Alizitazama zile sahani, akasema vizuri, kuanzia leo kila anayepanda apande na sahani, leteni za nyumba, nitahesabu sahani. Watu waliosimama kwenye mvua hawahesabiki. Wanasogea, wamejifunika mifuko, mtoto yuko ndani ya kitenge cha mama. Sahani inanyooshwa mbele. Na muntu haachi sahani yake nyumbani kukiwa na mzaha mzuri, alisema Gasaro.

Siku ya tatu mvua ilianza saa sita mchana. Haikuwa na upepo wala radi. Iliteremka wima, nzito, na baada ya muda sikuweza kuona shule kutoka mlangoni kwa Gasaro. Védastine alikuwa kwenye kopo. Nilimfuata nikakuta amesimama tu, maji yakimtiririka puani, kijiti kikiwa ndani. Saa nane kasorobo alikitoa. Unyevu ulikuwa umepita alama ya mstari mwekundu.

Alichukua debe lililokuwa limening'inizwa kwenye mkaratusi, akaanza kuligonga kwa tawi kavu la mti wa kahawa. Lilitoa sauti ya kipuuzi, sauti ya jikoni. Aligonga bila kuacha, uso wake hauna kitu. Alikuwa anaitazama milango.

Mlango wa kwanza ulifunguka. Akatoka mwanamke, Nyiraneza, mzee aliyepinda mgongo, sahani ya bati imefunikwa kichwani kama kofia. Kisha kaya ya pili, watoto mbele. Debe la pili likajibu kutoka upande wa kina Ndizeye, halafu la tatu. Walipanda wakiteleza na kushikana, na kulikuwa na mtu, katikati ya mvua ile, aliyesema jambo lililowafanya wengine wacheke.

"Anasema nini?" nilimuuliza Gasaro.

"Anasema leo mchuzi ni mwingi."

Shuleni walijipanga chini ya ukingo wa paa, na wasiopata nafasi wakabaki nje. Sahani zilinyooshwa. Mvua ilizijaza, zikamwagika, zikajaa. Védastine alipita mbele yao akigusa kila moja kwa kijiti chake cha kupimia. Alifika mwisho, akasimama. Akarudi mwanzo.

"Ngapi?" Gasaro aliuliza.

"Thelathini na moja."

"Tuko ishirini na nane. Umeihesabu ya Papa mgeni?"

"Mgeni hana sahani."

Alihesabu mara ya tatu, polepole. Alisimama mbele ya Protais. Protais alikuwa peke yake mwisho wa mstari, na mikononi mwake zilikuwa sahani nne, zimepangwa moja juu ya nyingine, kubwa mbili na ndogo mbili. Za chini zilijitokeza kidogo kila upande ili zionekane.

Aliyoyasema Védastine yalikuwa ya Kinyarwanda, na Gasaro alinong'ona pembeni yangu.

"Umebeba za nani?"

"Ulisema tulete za nyumba," alijibu Protais.

Hakuna aliyesogea. Hapo ndipo kilima kilipoondoka. Sauti yake haikuwa kubwa, ni kama lori linalomwaga mchanga kijiji cha pili. Migomba ilitembea ikiwa imesimama. Nyumba ya Protais ilikaa kidogo, ikainama mbele, ikapita, na baada yake palikuwa na njia nyekundu pana hadi mtoni. Nyumba nyingine tano zilibaki, ya Nyiraneza bila jiko. Mtoto aliuliza kitu. Mama yake akamziba mdomo kwa upole.

Védastine hakuwa amegeuka kutazama. Aliendelea kumtazama Protais, na akaongea kwa sauti ileile aliyosomea milimita.

"Kuna karatasi huko Gihundwe, ya mwaka jana. Inasema mlipuuza onyo. Niliitia sahihi mimi. Hamkupuuza. Mlisikia firimbi. Na mimi nilipokuwa naipuliza, miguu yangu ilitaka kwenda kujificha."

Mvua iliendelea. Gasaro aliacha kutafsiri, kisha akakumbuka, akaendelea. Protais alizitazama sahani zake.

"Ni mimi niliyefunga mlango," alisema.

"Najua."

"Patricie alitaka kutoka. Nilimshika mkono."

"Mimi niliingia chini ya kitanda," alisema Nyiraneza, hakuna aliyemuuliza. Alisema kama mtu anayejibu jina lake likiitwa.

"Sisi tulikuwa ndani ya migomba," mwingine akasema. "Wote wanne."

"Mimi nilikuwa chooni. Nilifunga kwa ndani."

Yakatoka hivyo, moja baada ya jingine, mahali tu, bila maelezo. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyesema kwa nini firimbi, au nani alikuwa upande upi mwaka ule. Walipomaliza, Protais aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa firimbi yenye kamba ya bluu, akaiweka juu ya sahani ya juu, ndani ya maji. Alikuwa akitembea nayo mwaka mzima. Védastine aliichukua.

Usiku ule kaya tatu zililala darasani. Nyingine mbili zilikaa kwa Gasaro, na Protais alikaa kwenye kibaraza amejifunika gunia, sahani nne kando yake. Asubuhi zilikuja firimbi nyingine nne. Ya tano, ya kina Gasaro, haikuweza kuja.

"Batoto walichezea mpira nayo," alisema. "Ilianguka chooni. Arbitre amezama."

Védastine alizitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga. Kisha akaanza kufunga madebe. Kilima kilihitaji matatu, na hayo matatu aliyaacha. Tisa aliyafunga kwa kamba ya katani, moja ndani ya kamba ya jingine, ili yamkae mgongoni. Angepita Gihundwe kwanza, kuandika karatasi nyingine na kuiweka juu ya ile ya zamani, kisha aende sekta ya Butare. Vilima vingine kumi na kimoja bado vilikuwa na firimbi mifukoni, na mawingu yalikuwa yanaelekea huko.

"Watakufukuza," nilimwambia.

"Labda."

"Na madebe tisa kwa vilima kumi na kimoja?"

"Hamdani anatengeneza."

Alinipa kijiti. Barabara ya Nyungwe bado ilikuwa imefungwa, na alikuwa ameuliza mara moja tu kama najua kusoma milimita. Saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili. Kopo likisomwa linamwagwa, isipokuwa mvua ikiwa inanyesha. Likifika mstari nimwite Protais. Yeye ndiye atakayepiga debe. Protais alikuwa amesimama nyuma yake akisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akaenda chini kutazama palipokuwa shamba.

"Na sahani?" aliuliza Gasaro. "Akikaa hapa lazima ahesabiwe."

"Mpe," alisema Védastine.

Gasaro aliingia ndani akatoka na sahani ya mtoto, ya plastiki, imeliwa ukingo na panya. "Hii ndiyo ya bapagazi, Papa."

Védastine hakungoja nimshukuru wala niage. Aliinama, akaingiza mikono kwenye kamba, akainuka na mzigo, akajaribu hatua mbili kuona kama unayumba. Ulikuwa unayumba. Akaanza kuteremka. Alipita kando ya ile njia nyekundu bila kuitazama, akaruka mtaro, akashika njia ya bondeni. Madebe yaligongana kila aliporuka. Mwanamke mmoja kilima cha pili, asiyejua lolote ila kwamba debe likilia ni daku, alitoka mlangoni mwake akasimama kutazama ni nani, kisha akarudi ndani, na baada ya kitambo akatoka tena ameshika sahani.

Védastine alimpungia mkono arudi. Akaendelea. Mimi nilikwenda kwenye kopo.